Nane Ni Tano na Tatu

Tulimzika Mwalimu Taaka kwao Namboboto siku ya Jumamosi, mvua ikitishia tangu asubuhi na kunyesha tu baada ya watu kumaliza kula. Nilirudi Malaba na matope kwenye viatu, sauti imenikauka kwa kuimba. Nyumbani nilimkuta mjukuu wangu Imani, aliyeletwa kutoka Nairobi kwa likizo, amelala kifudifudi kwenye mkeka na ile tableti yake ameiegemeza kwenye mto. Ndani ya tableti anakaa rafiki yake wa hesabu. Nasema anakaa kwa sababu ndivyo Imani mwenyewe anavyosema: "Shosho, ngoja kidogo, ananiuliza." Ni kikatuni cha ndege mwenye miwani na sauti ya upole. Siku hiyo alimuuliza nane na saba ni ngapi, kisha akapepesa macho na kungoja. Imani alijibu kumi na nne. Ndege hakukasirika. Alimwambia amekaribia, afikirie tena, hakuna haraka, halafu akanyamaza. Nilisimama mlangoni, mwavuli unachuruza maji sakafuni, nikisubiri ndege achoke. Hakuchoka. Imani aliinuka akaenda jikoni kunywa maji, akarudi, ndege yuko palepale anamngoja. Nikakaa kitini bila kuvua viatu, machozi yakanitoka, na yule mtoto akadhani nalilia mazishi. Mazishi nilikuwa nayalilia, ndiyo, lakini nilikuwa nalilia nane na saba pia.

Sisi nasi tulikuwa na rafiki wa namna hiyo. Nikimwambia Imani hatakubali, maana rafiki wetu hakuwa na macho wala miwani, alikuwa sauti tu ndani ya sanduku, na alikuwa na haraka kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Mwaka wenyewe ni ule niliokuwa darasa la nne, katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nikiishi na shangazi yangu, Anti Atyang, nyuma ya hoteli alikokuwa akipika, karibu na foleni ya malori ya kuingia Uganda. Chumba chetu na jiko la hoteli vilitenganishwa na bati moja tu. Upande wa kitanda changu bati hilo lilikuwa na joto mchana kutwa, na asubuhi niliamshwa na mlio wa Anti akipiga unga wa chapati ubaoni. Madereva walikula chapati na maharagwe, au matoke yaliyovushwa kutoka ng'ambo, na chai ya maziwa katika vikombe vya bati ambavyo havikuwahi kupoa kabla ya kuchukuliwa na mtu mwingine. Sisi wa nyuma tulikula ugali wa wimbi na muhogo kwa mboga iliyotiwa karanga. Lakini kama madereva wa Mombasa wameagiza pilau halafu karatasi zao za forodha zikapita ghafla wakaondoka mbio, pilau hiyo ilikuwa yetu, na mimi nilikuwa nikiwaombea wapite haraka, nadhani kuliko walivyojiombea wenyewe. Harufu ya mwaka ule kwangu ni dizeli na vitunguu, na hadi leo lori likipita nikiwa nakaanga, narudi pale.

Kupitia bati lile nilisikia mambo yote ya dunia. Nilisikia kwamba ng'ambo sukari imekwisha na sabuni ni hadithi, kwamba kwenye kizuizi fulani wanajeshi wamefungua turubai na kumwaga mzigo wote barabarani, kwamba ajenti mmoja wa kutoa mizigo ameoa mke wa pili na wa kwanza hajaambiwa. Na ni kupitia bati hilohilo nilisikia habari yangu mwenyewe. Mjomba Omuse alikuwa amekuja kutoka Kocholia kwa baiskeli, akaketi jikoni na kupewa chai, nami nilikuwa upande wa pili nikijifanya nafua kola ya sare.

"Huyu mtoto anasoma ama anakalia dawati tu?" akauliza.

"Anasoma," Anti akasema. "Kiingereza anasoma kama maji. Ni hesabu ndio inamsumbua. Ilimfanya arudie darasa la tatu."

"Sasa unangoja imrudishe tena? Bibi yangu amejifungua, na shamba inangoja, na hakuna mtu wa kushika mtoto. Mnipatie huyu."

Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni, polepole, mizunguko mingi kuliko sukari ilivyohitaji. "Wacha mwaka uishe," Anti akasema mwishowe. "Akipita, amepita. Akianguka, uje umchukue. Sitabishana."

Neno hilo, sitabishana, lilinikata maini. Anti Atyang alikuwa mtu wa kubishana. Alibishana na madereva, na muuza mkaa, na mvua. Kama angebisha kidogo tu ningelala usingizi. Sikuwa na chuki na mtoto wa Mjomba. Lakini nilimjua msichana wa jirani aliyepelekwa kushika mtoto wa watu kwa muda, na muda huo haukuisha. Alipomaliza wa kwanza akapewa wa pili, kisha akapata wa kwake. Kwa hiyo mwaka ule wote niliubeba nikijua kwamba kati yangu na mgongo wangu kufungwa mtoto kulikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni kujumlisha.

Redio iliingia darasani kwetu muhula wa pili. Ilikuwa kubwa, na betri zake nyuma zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwalimu Taaka aliiweka mezani juu ya kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, kama mtu anayemtandikia mgeni. Alikuwa msichana tu, nikimkumbuka sasa, mwembamba, mwenye kicheko kilichoanza kabla ya mzaha kwisha. Hakuwa bado amekwenda chuo cha ualimu. Walikuwa wamemleta kutoka Namboboto kujaza nafasi, na walimu wa namna hiyo waliondolewa kwa neno moja la hedimasta kama walivyoletwa. Siku ya kwanza ya kipindi cha hesabu cha redio alitusimamisha akatuambia jambo ambalo sijamsikia mwalimu mwingine akiliambia darasa, na nimekaa na walimu maisha yangu yote. "Mimi na hesabu hatujawahi kuelewana sana," alisema. "Huyu wa redio anajua kuliko mimi. Kwa hivyo tutasoma naye pamoja. Mimi nitakaa hapa mbele kwa sababu macho yangu si mazuri." Akavuta benchi la wanafunzi akaketi, magoti yakigusa kidevu, mgongo kwetu, uso kwa redio.

Sauti ilikuwa ya mwanamke. Ilisema Kiingereza safi, cha taratibu, na ilitusalimia kana kwamba inatuona. Tulimwita Dada. Tulimjibu salamu kwa kelele zilizofanya darasa la tano kugonga ukuta. Wandera, Msamia aliyekaa dawati moja nami, alianza kuja amechana nywele siku za kipindi, na ukimuuliza anasema ni mama yake amemlazimisha. Dada alieleza jambo, akauliza swali, akanyamaza kidogo, kisha akatoa jibu mwenyewe na kutupongeza. Vizuri sana, alisema kwa Kiingereza chake, na sisi tukavimba vichwa. Siku nyingine mawimbi yalichanganyika, na katikati ya swali ukaingia wimbo wa Kiganda kutoka stesheni ya ng'ambo. Wandera akatangaza kwamba Dada amevuka daraja kununua matoke. Mwalimu Taaka alicheka mpaka akashika meza. Niseme wazi, nilimpenda Dada. Watu wazima niliowajua waliniambia hesabu ni kitu cha kuchapiwa, na yeye alizungumza nayo kama mtu anayemsifu jirani yake.

Tabu yangu ilikuwa kile kimya chake. Kilikuwa kifupi. Kutoa jibu kabla yake tulikuita kumwahi Dada, na kila mtu alitaka kumwahi. Mimi sikumwahi hata mara moja. Na hapa inabidi nieleze jinsi tunavyohesabu kwetu, maana ndipo kila kitu kinapoanzia. Kiteso hakina neno la pekee la nane. Tano ni akany, na tatu ni auni, kwa hiyo nane ni akanyauni, yaani tano na tatu. Saba ni akanyaarei, tano na mbili. Dada akisema nane na saba, mimi nililichukua swali kutoka Kiingereza, nikalivusha hadi Kiteso, na huko niliona tano mbili zikikumbatiana zikawa kumi, tatu na mbili zikabaki pembeni zikawa tano, basi kumi na tano. Halafu nikalirudisha jibu Kiingereza. Jibu langu lilikuwa linavuka mpaka mara mbili kama lori la mizigo, na lilipofika Dada alikwishawapongeza wengine na kwenda zake. Wateso wenzangu wengi darasani walikuwa wameiacha njia hiyo tangu darasa la kwanza, wakakariri au wakahesabu vidole chini ya dawati. Kwangu mimi iligoma kutoka. Mbaya zaidi, nilipohesabu midomo yangu ilicheza, na shuleni kwetu midomo kucheza Kiteso ilikuwa kosa. Kulikuwa na diski, kipande cha ubao chenye kamba. Aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivikwa shingoni, akaivaa mpaka amnase mwingine, na aliyemaliza nayo siku alikwenda kufyeka nyasi nyuma ya vyoo wengine wakienda nyumbani. Nyasi za nyuma ya vyoo nilizijua vizuri.

Kisha nikaugua malaria, nikakaa siku kadhaa kwenye kile chumba cha bati, na hapo ndipo nilipogundua siri ya Dada. Hoteli ilikuwa na redio yake juu ya kabati la mandazi, na siku hiyo hakuna aliyejisumbua kubadilisha stesheni. Nikamsikia Dada akiwasalimia madereva na matanboi wao, wale vijana wa kusaidia kwenye lori, kama alivyotusalimia sisi. Wakamwitikia. Akauliza nane na saba.

"Fourteen!" mmoja akapaza sauti.

"Wee, wapi fourteen! Ni sixteen hiyo!"

"Hebu ngojeni, nihesabu na kiberiti..."

Kabla vijiti havijatoka kwenye kiberiti Dada alisema kumi na tano, na akawapongeza. "Anatupongeza ya nini, na tumekosa sisi wote?" akauliza yule wa kwanza. Dereva mmoja mzee, ambaye lori lake lilikuwa limekwama kwenye foleni tangu nianze kuugua, akasema, "Huyu dada wangempatia kazi ya kastamu, ya kupitisha karatasi, hakuna gari ingelala Malaba." Hoteli nzima ikaangua kicheko, na Anti akaongeza kutoka jikoni, "Anauliza mwenyewe, anajibu mwenyewe, anajisifu mwenyewe. Kama mzee wa mtu fulani namjua." Nilicheka chini ya blanketi mpaka jasho likanitoka na homa ikapungua. Wanaume wazima wenye kupeleka malori hadi Kigali walikuwa hawawezi kumwahi Dada! Na yeye hakuwa akitusikia. Hakuwahi kutusikia hata siku moja.

Niliporudi shuleni nilimfuata Mwalimu Taaka kabla ya kengele, nikamwambia kwa sauti ya chini kama ninayeleta habari ya msiba, "Mwalimu, Dada hasikii."

Alikuwa akifuta ubao. Hakucheka. "Najua, Amoit," akasema. "Na mimi nimekuwa nikiangalia hiyo midomo yako. Unasema nini huko ndani?" Nikagusa shingo yangu pale diski inapokaa, naye akaniangalia kidogo kisha akaendelea kufuta.

Siku ya kipindi Dada aliuliza tisa na sita. Midomo yangu ikaanza. Ghafla Mwalimu Taaka aliinuka kwenye benchi lake, akashika kile kidude cha kuwashia redio, na tak, akaizima. Darasa lilipiga kelele kama watu waliokatiwa mchezo. "Mwalimuuu!" Wandera karibu alie. "Dada amekwenda," Mwalimu akasema. "Mwacheni aende, tutampata kesho kutwa. Yeye hawezi kungoja, ana nchi nzima ya kufundisha. Sisi tuna huyu. Amoit, hesabu. Usiogope." Akaketi tena, safari hii uso kwangu. Sijawahi kukaa ndani ya kimya kirefu namna ile. Nilisikia malori kwenye barabara kuu yakivuta gia, nikasikia mtu akipasua kuni nyumba ya pili, na katika hayo yote hakuna aliyejibu kwa niaba yangu, maana kila aliyeinua mkono Mwalimu alimtazama tu akaushusha. Nikasema kumi na tano. "Umepataje?" akauliza. Hapo nikaanza kulia, kwa sababu jibu ningeweza kulitoa kwa Kiingereza lakini njia sikuweza. Mwalimu alikwenda akafunga mlango. "Sema hivyo ilivyo," akasema.

Nikasema. Akanyaongon, tano na nne. Akanyape, tano na moja. Yeye alikuwa Msamia, Kiteso hakukijua zaidi ya salamu, na aliyarudia maneno yangu vibaya mpaka Wateso wote darasani wakajifunika nyuso. Lakini alichukua chaki, akachora vistari vitano akavifunga kwa kamba kama mzigo wa kuni, akachora vingine vinne pembeni, na upande wa pili vitano na kimoja. Alirudi nyuma akautazama ubao, chaki imegusa midomo yake. "Kumbe," akasema. "Mizigo miwili ni kumi. Hii nne na hii moja, tano. Kumbe!" Kisha akageuka. "Nyinyi, nisikilizeni. Nimehesabu kwa vidole vya miguu tangu nizaliwe. Leo Amoit amenifundisha." Alilisema jambo hilo kwa furaha tupu, bila kutafuta heshima ndani yake, na nimejaribu maisha yangu yote ya kufundisha kulisema kama alivyolisema yeye. Mara chache nimekaribia.

Kuanzia hapo kila kipindi alimsikiliza Dada kwa adabu, halafu akachagua swali moja la kumzimia. Hakuwahi kumsema vibaya. Alituambia Dada ndiye anayeleta maswali kutoka mbali, na bila yeye tusingekuwa na cha kungojea. Mlango tuliufunga. Darasa zima lilijifunza mizigo ya tano, Wasamia kwa Wateso, na Wandera akawa hodari kuliko wote, akinguruma akanyauni kwa lafudhi ya Kisamia kama anayefukuza ng'ombe kwenye mtama. Kidogo kidogo safari yangu ya kuvuka mpaka ikafupika. Siku moja, sikumbuki ilikuwa siku gani, nilisikia sauti ikisema kumi na saba kabla ya Dada, nikageuka kuangalia ni nani, na ilikuwa sauti yangu. Mwalimu Taaka alinirushia kipande cha chaki kunipongeza.

Mwisho wa mwaka hedimasta alizunguka darasa kwa darasa kuwajaribu waliowahi kurudia. Jina lake Bwana Okiring. Tulijua ni Mteso kwa jina tu, maana mdomo wake hatukuwahi kuusikia ukitoa hata neno moja la nyumbani. Diski ilikuwa wazo lake. Alivaa koti hata jua likiwa kali, na neno lake lilikuwa ndilo la mwisho: akisema mtoto arudie, anarudia. Jikoni kwetu Mjomba Omuse alikuwa ameshatuma salamu kwamba atafika shule zikifungwa. Siku hiyo diski ilikuwa shingoni mwa Wandera tangu asubuhi, kwa kumtukana mbuzi kwa Kisamia.

Bwana Okiring aliniita mbele. Akaniuliza kwa Kiingereza nane na saba. Nilijua, wallahi nilijua, lakini hofu ilinirudisha kulekule nilikotoka, na midomo ikaanza kucheza. Akainama. "Unasema nini hapo?" akauliza. "Hiyo ni lugha gani?"

"Sir, mpatie nafasi," Mwalimu Taaka akasema.

"Redio inawapa nafasi gani?"

"Redio haiwezi kungoja, sir. Mimi na wewe tunaweza."

Bwana Okiring alisimama wima akafunga mikono kifuani. Akangoja, na uso wake ulionyesha kwamba anangoja nianguke. Nikasema kumi na tano. "Eleza umepataje," akasema, na nikajua nimekwisha. Nikinyamaza, nimebahatisha, narudia. Nikieleza, nimesema Kiteso mbele ya mwenye diski. Nikamtazama Mwalimu Taaka. Alikuwa ameshaondoka mahali pake. Alikwenda hadi dawatini kwa Wandera, akamvua ile diski, akaivaa mwenyewe, akainyoosha kamba juu ya kola ya gauni kama mtu anayejiweka sawa kabla ya kuingia kanisani. "Sema, Amoit," akasema. "Diski leo ninavaa mimi."

Nikasema yote. Akanyauni ni tano na tatu, akanyaarei ni tano na mbili, tano kwa tano, tatu kwa mbili. Bwana Okiring hakunikatiza. Alitazama juu ya kichwa changu, mahali pasipo na kitu, kwa muda mrefu, na mimi niliyesimama karibu naye kuliko wote niliona midomo yake ikicheza. "Na akanyaongon na akanyauni?" akauliza. Lilitoka na lafudhi yote ya kijijini, laini, kama anayemuuliza mtoto wake nyumbani. "Tano na tano ni kumi," nikajibu, "nne na tatu ni saba. Kumi na saba." Ndipo Wandera, ambaye diski ilikuwa imemwachia alama shingoni, akashindwa kujizuia. "Sir amesema Kiteso!" akapiga kelele. Macho yote yakaenda kwenye ile diski, maana sheria ilikuwa sheria, na sheria ilisema inakwenda kwa atakayefuata. Mwalimu Taaka aliivua. Akaipeleka kwa mikono miwili, amekunja magoti kidogo, kama anayempa mzee chai. Bwana Okiring aliitazama, akamtazama Mwalimu, na akacheka. Hatukuwahi kuyaona meno yake kabla ya siku hiyo. Aliichukua akaitia mfukoni mwa koti, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Huyu apite." Madarasa mengine yalichongewa diski nyingine muhula uliofuata, siwezi kusema mambo yalibadilika kote. Kwetu haikurudi.

Mjomba Omuse alikuja alivyoahidi, baiskeli imefungwa gunia nyuma pa kukalia. Nilikuwa kwenye kitanda, sikio kwenye bati. Nikasikia Anti akimpa chai, nikasikia kijiko kikizunguka. "Mtoto yuko tayari?" akauliza. "Nilikuambia sitabishana," Anti akasema, "na sibishani. Amepita. Kula chapati, ni moto." Mjomba akaanza kusema habari ya shamba, na ya mke wake, na Anti akamwongezea chapati kila alipofungua mdomo, mpaka akala akashiba akaaga. Baiskeli ilirudi Kocholia na gunia tupu. Anti aliingia chumbani, akanikuta nalia, akaniambia niache upuuzi nikaoshe vikombe.

Nilifundisha hesabu hadi nilipostaafu. Mwalimu Taaka alikwenda chuo baadaye, akafundisha Matayos na kwingineko, na kila nilipomtembelea alinisalimia kwa kuniuliza akanyauni na kitu fulani, kwa matamshi yaleyale mabaya. Mwaka jana nilimpelekea tableti ya Imani aione. Alikaa na yule ndege alasiri nzima, akimjibu vibaya makusudi kumpima. "Huyu anangoja!" aliniambia, macho yamemng'aa. "Amoit, huyu anangoja! Laiti Dada angekuwa hivi." Kisha akataka kujua kama anauliza mtoto amepataje jibu, na nilipomwambia ndiyo, anauliza, alipiga makofi. Huko anakotengenezwa ndege huyo, alisema, lazima kuna mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la watoto.

Wiki yote baada ya mazishi nimekuwa nikimfundisha Imani mizigo ya tano kwa vidole vyake, mkono mmoja akany, na hivyo vitatu auni. Kiteso hakijui, alizaliwa Nairobi, lakini maneno anayapenda. Jana jioni ndege alimuuliza tena nane na saba. Imani alitazama vidole vyake. Ulimi uliniwasha, nikauma ndani ya shavu. Malori yalikuwa yakipita nje, na ndege akipepesa macho, na midomo ya mjukuu wangu ikaanza kucheza. "Kumi na tano," akasema. Ndege akarusha maua, akacheza, kisha akatulia na kumuuliza: umepataje? Nieleze. Imani aligeuka akanitazama, mkono mdomoni.

"Shosho, nimwambie kwa Kiteso? Si ataniambia nimekosa?"

"Sema," nikamwambia. "Diski leo nimevaa mimi."

"Diski ni nini?"

"Nitakuambia baadaye. Mjibu kwanza, anakungoja."